Daftari la Majina Kando ya Mto Ganga

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeifundisha darasani miaka mingi, nikidhani ni ya wenye maduka tu. Maana yake naliijua nilipofika mji wa Haridwar, katika nchi ya India, mwezi wa Novemba mwaka 2022.

Nalikuwa nimekwenda India kwa mafunzo ya walimu ya miezi mitatu, katika mji wa Dehradun. Huko nalipata rafiki, mwalimu wa hesabu, mtu wa makamo aliyepita miaka hamsini, Mhindu wa jamii ya Wapunjabi. Mwezi wa pili mama yake alifariki, na maiti yake ikachomwa moto kama ilivyo desturi yao. Baada ya siku chache akanijia, kichwa amekinyoa, akasema, "Mwalimu, kesho napeleka majivu ya mama Haridwar. Ukipenda, tufuatane." Naliona haya kukataa, kwa maana kwetu mtu hamwachi mwenzake aende kwenye msiba peke yake.

Kutoka Dehradun mpaka Haridwar ni kilomita 50 hivi, nasi twalikwenda kwa basi. Mji huo uko mahali ambapo mto Ganga, utokao katika theluji ya milima ya Himalaya, unaiacha milima na kuingia nchi tambarare. Wahindu huuita mto huo Mama. Huamini ya kuwa aogaye humo huondolewa dhambi, na ya kuwa roho ya marehemu husaidiwa safari yake majivu yake yakitiwa majini. Yapata kila baada ya miaka kumi na miwili watu mamilioni hukusanyika huko kwa sikukuu kubwa iitwayo Kumbh Mela, kwa zamu na miji mingine mitatu. Zamu ya Haridwar ilikuwa mwaka 2010, na iliyofuata ikawa mwaka 2021. Ndani ya mji ule nyama na pombe ni marufuku.

Basi twalishuka kwenye ngazi za mawe ziitwazo Har Ki Pauri. Maji ni baridi sana, tena yaenda mbio, hata wameweka minyororo ya chuma ili waogaji waishike wasichukuliwe. Nalivua viatu kwa adabu, nikasimama kando. Mimi ni Mkristo, sikuoga wala sikuabudu pale. Lakini nilipomwona rafiki yangu ameinama, akimimina majivu ya mama yake mtoni huku mikono ikimtetemeka, nalimwombea kwa Mungu moyoni mwangu.

Nalidhani ya kuwa shughuli imekwisha, kumbe bado. Akaniongoza katika njia nyembamba mpaka kwa kuhani mmoja, mzee aliyeketi juu ya kitanda cha mbao. Nyuma yake palikuwa na makabati, na ndani ya makabati madaftari marefu membamba, yamekunjwa kama mikeka na kufungwa kwa kamba. Madaftari hayo huitwa bahi. Mzee hakumwuliza rafiki yangu jina lake. Alimwuliza tu, "Kijiji cha babu zako ni kipi, na jamaa yenu ni ipi?"

Akajibu. Ukoo wao ulitoka upande wa Gujranwala, ambao sasa ni nchi ya Pakistani. Mwaka 1947, India ilipogawanywa, babu yake alikimbia na watoto wake, akaacha nyumba, shamba na ng'ombe. Hawakurudi tena. Lakini mzee yule alifungua kabati, akatwaa daftari, akafunua kurasa taratibu, na kabla ya nusu saa kwisha akaanza kusoma. Alisoma jina la baba yake, na sahihi aliyoitia kwa mkono wake mwenyewe; kisha jina la babu, na la baba wa babu, na wengine nyuma yao, waliooa na waliokufa, na nani alikuja na majivu ya nani. Kwa maana kila mtu wa ukoo afikapo Haridwar huandikisha habari za nyumba yake, na makuhani hurithishana madaftari hayo baba kwa mwana. Hata mahakamani yamepata kutumiwa katika mashauri ya urithi.

Mahali pamoja mzee alisita, akanitazama. Palikuwa na jina la ndugu wa baba wa babu yake, na kando yake maneno machache: amekwenda ng'ambo, Mombasa. Baada ya hayo hapana kitu. Nalishtuka, kwa maana Mombasa naenda kwa basi kutoka kwetu. Nikawaeleza habari za reli ya Mombasa mpaka Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ambayo watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuifanyia kazi, na wapatao 2,500 walikufa. Rafiki yangu akanyamaza kitambo. Kisha akaandikisha kifo cha mama yake, na majina ya wanawe wawili, akatia sahihi chini ya ile ya baba yake.

Ndipo mzee akauliza, "Na mgeni wetu, babu zake ni akina nani?"

Nalitaja jina langu, la baba, na la babu. Nikakoma. Mzee akangoja, akidhani natafuta maneno ya Kiingereza. Sikuwa na la kuongeza.

Wasomaji, majina hayo yalikuwako. Kijijini kwetu, chini ya milima ya Usambara, babu yangu alikuwa akiyataja jioni kando ya moto, tangu yeye hata yule wa kwanza aliyeshuka mlimani. Utotoni naliyasikia huku nikisinzia. Hata nilipotoka chuo cha ualimu, na viatu vipya na cheti mkononi, babu alianza tena kuyataja ili nijifunze. Nikamkata neno: "Babu, hayo ni mambo ya giza. Sisi tumekwisha batizwa." Akanitazama, akajibu, "Vema, Mwalimu." Siku zote aliniita mjukuu wangu, siku ile aliniita Mwalimu. Masika yaliyofuata akafariki.

Jioni ile, makuhani walipokuwa wakipunga taa kubwa za moto mtoni na watu wakiweka majini vikombe vya majani vyenye maua na taa ndogo, mimi nalikuwa nikimfikiri babu. Kuwaabudu wazee ni jambo moja, na kuwajua ni jambo jingine. Nami nalikuwa nimeyachanganya. Injili ya Mathayo yenyewe yaanza kwa majina ya wazee, na Luka naye ameyaandika. Ningalikumbuka hayo siku ile, ningalitwaa kalamu badala ya kumfunga babu kinywa.

Niliporudi nyumbani nalikwenda kwa Bibi, dada yake babu, aliyekuwa karibu na miaka tisini, nikachukua daftari la shule. Alinipa majina manne juu ya lile la babu. Wa tano alisema alikuwa mtu mrefu, akichechemea mguu mmoja, fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki. Lakini jina lilikuwa limemtoka. Akaniambia, "Njoo kesho, mjukuu wangu, labda litanirudia." Nalikwenda kesho, na kesho kutwa, na mara nyingi baadaye. Halikurudi. Bibi twalimzika mwezi wa Julai mwaka 2024.

Daftari liko sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo vya wanangu, na mkubwa wao ameandika jina lake kwa mkono wake. Mstari wa tano u wazi. Basi ninyi ambao bado mna mzee nyumbani, leo baada ya chakula keteni karibu naye na kalamu, mwulizeni, wala msimkate neno.