Sumaku Peke Yake Haitoshi

Nilipoanza kuchomelea reling za stenlesi Mombasa, kipimo chetu kilikuwa sumaku. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ameichomoa kwenye spika mbovu, akaifunga uzi, na hakulipia bomba lolote dukani kabla ya kuining'iniza kando yake. "Ikinata, mwanangu, achana nalo."

Kwa mali ya siku hizo kilifaa, ingawa kilionea. Gredi 430 hushika sumaku na ni stenlesi halali. Hata 304 ikikunjwa bila kupashwa moto, penye kona huanza kuvuta kidogo, na mafundi wengi wamekataa bomba zuri kwa sababu hiyo tu.

Kilichoishinda sumaku ni gredi 201. Nikeli ni ghali, na 304 ina karibu asilimia 8 au zaidi, pamoja na kromiamu kama asilimia 18. Katika 201 sehemu kubwa ya nikeli imeondolewa, ikawekwa manganizi iliyo rahisi. Sumaku hailivuti bomba la 201 wala la 304, na yote mawili yakipigwa polishi yanang'aa sawa. Bahari ndiyo inayoyatenganisha. Reling ya 201 kwenye roshani ya Nyali, inayopigwa na upepo wa chumvi, hutoka madoa ya rangi ya chai, mara nyingi yakianzia penye mshono. Mwenye nyumba humshika fundi, na ana haki, kwani alilipa bei ya 304. Mimi naona hata 304 si ya kuwekwa ufuoni. Pale panataka 316, yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3.

Kisha vikaja vichupa vya dawa na betri ya volti 9. Unasugua chuma kikawa safi, unadondosha tone, unagusisha nyaya. Tone likiiva jekundu upesi, manganizi ni nyingi, na muuzaji hana la kujitetea. Nilivipenda sana vile vichupa, maana fundi mdogo naye alipata ushahidi wa kumwonyesha mteja.

Leo kwenye kazi kubwa huja mkaguzi na mashine ya eksirei ya mkononi, yenye umbo la bastola. Anabandika pua yake kwenye bomba, na kwa sekunde chache kioo kinaandika kromiamu, nikeli na molibdenamu kwa asilimia. Lakini haisomi kaboni. 304 na 304L, ile yenye kaboni kidogo, kwake ni kitu kimoja, na hapo mchomeleaji ndipo anapoumia: kaboni ikizidi, joto hufanya ishikane na kromiamu, na kandokando ya mshono kutu hupata mlango.

Ndiyo maana nasisitiza hati ya kiwanda, inayoandika hata kaboni. Unayejenga, andika gredi kwenye mkataba, dai hati hiyo, kisha linganisha namba ya tanuri iliyomo na ile iliyopigwa kwenye bomba. Zisipolingana, usilipe bei ya 304.