Mimi Ni Shahidi Tu, Si Wakili wa Mungu

Wasee, leo siongei siasa na siongei pesa. Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho lakini tukiulizwa tunaanza kugugumia: imani. Hasa hii yangu ya Kikristo, na vile mtu anaweza kuieleza kwa mwenzake bila kuwa kero.

Hapa Kenya, kusema wewe ni Mkristo si habari. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakristo zaidi ya milioni 40 kati ya watu milioni 47. Waliosema hawana dini walikuwa zaidi ya laki saba. Kwa hivyo ukinipata kwa mat nimevaa msalaba, hakuna mtu atageuza shingo. Na hapo ndipo shida yetu inaanzia. Kwa sababu tuko wengi, tumezoea kuongea na watu wanaosema Amina kabla hatujamaliza sentensi. Mtu anayeuliza "kwa nini?" na kweli anataka jibu, wengi wetu hatujawahi kukaa naye.

Lakini hii miaka michache maswali yamekuja mengi. Kuanzia Aprili 2023 tuliona Shakahola, kule Kilifi, miili zaidi ya mia nne ikifukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndio wamwone Yesu. Halafu Juni 2024 tukaingia barabarani, na vijana wakaanza kuuliza kwa sauti kwa nini wanasiasa wanapewa kipaza sauti madhabahuni kila Jumapili. Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha pesa ambazo Rais alikuwa amechangia kanisa moja la Soweto. Watu walishangaa. Yaani tulikuwa tumefika mahali ambapo kanisa kurudisha pesa ni habari kubwa kuliko kanisa kupokea.

Sasa katikati ya hayo yote, beshte wako anakuangalia na kukuuliza, "Na wewe bado unaamini hii kitu?" Unamjibu nini?

Wacha niwaambie juu ya mtu mmoja aliyeniuliza hivyo. Ni dada tuliyekua naye mtaa mmoja. Akiwa kidato cha tatu, mamake aliambiwa na mchungaji wake apande mbegu ya imani. Alichopanda ni karo ya binti yake ya muhula mzima. Mbegu haikuota. Huyu dada alikaa nyumbani ule muhula wote akiona wenzake wakipita na sare asubuhi na jioni. Mamake bado anaenda kanisa lile lile. Yeye hajaingia kanisani tena mpaka leo, na wakikaa mezani yeye na mamake kuna mambo hawawezi kutaja.

Tulikuwa kwa kibanda cha chapo jioni moja, mwaka jana, aliponiuliza. Na mimi nilijua hilo swali halikuwa la kutaka ushahidi kama Mungu yuko. Swali lilikuwa, wewe uko upande wa nani? Wangu au wa yule mchungaji?

Nilimwambia mambo matatu.

La kwanza, kwamba alichofanyiwa mamake kilikuwa kibaya. Nikanyamaza hapo. Sikuongeza "lakini." Unajua vile sisi watu wa kanisa tunapenda "lakini." Pole sana, lakini Mungu ana mpango. Pole sana, lakini si wachungaji wote. Hiyo "lakini" inafuta pole yote iliyotangulia.

La pili, nilimwambia nilichokiona mimi. Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Baba alikuwa mgonjwa, pesa zikaisha, nikarudi nyumbani. Kila Alhamisi akina mama wanne wa kanisa letu walikuwa wanakuja na unga, sukuma na sabuni. Hawakuwa wanahubiri. Mmoja alikuwa anafua nguo za baba, mwingine anapika, wengine wanakaa naye wakimpigia stori za kijijini mpaka anacheka. Wakitoka wanaomba dakika mbili, wanaenda. Miezi saba hawakukosa. Mimi usiku nikibaki peke yangu na baba nilianza kuomba kama mtu anayeongea na mwenye nyumba yuko chumba cha pili. Na nilikuwa nahisi nasikilizwa. Sijui niseme aje vizuri zaidi ya hapo.

La tatu, nilimwambia nisichokijua. Tuliomba baba apone, na hakupona. Tulimzika. Kwa nini wengine wanasimama mbele wakisema wameponywa na baba yangu hakuponywa, sina jibu, na sitaki kutunga moja.

Akaniuliza, "Na hukukasirika?" Nikamwambia nilikasirika, na kuna siku bado nakasirika, na hizo siku pia naomba.

Hakuokoka pale kwa chapo. Ningependa niwaambie alilia tukaimba wimbo, lakini alimaliza maharagwe yake akasema, "Sawa. Hiyo angalau naweza kuisikiliza." Mpaka leo haendi kanisa. Lakini sasa ananiuliza vitu ambavyo zamani hakuwa anataka hata kutaja.

Tangu hiyo jioni nimekuwa nikifikiria neno moja la Kiswahili: ushuhuda. Tunalitumia kila siku, "nina ushuhuda," mpaka tumesahau linatoka kwa neno shahidi. Na hebu fikiria mahakamani kunakuwa na nani. Kuna wakili, huyo kazi yake ni kushinda. Anachagua ya kusema na ya kuficha, anamtega aliye upande wa pili. Halafu kuna shahidi. Shahidi hashindi wala hashindwi. Anaulizwa uliona nini, anasema. Akiulizwa kitu ambacho hakukiona, jibu sahihi ni "sijui," na hakuna anayemcheka. Shahidi anayejua kila kitu ndiye hakimu anaanza kumshuku.

Sisi tuliambiwa tuwe mashahidi. Wengi tumejigeuza mawakili wa Mungu, na Mungu hakutuajiri.

Soma Yohana sura ya 9. Kuna jamaa aliyezaliwa kipofu, Yesu anamponya, na wakubwa wa dini wanamhoji mara mbili. Wanataka aseme Yesu ni mwenye dhambi. Jamaa anawaambia hilo halijui. Anachojua ni kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Hakuwa na masomo, hakuwa na cheo, na mwisho wanamfukuza. Lakini hakuna mtu aliweza kumnyang'anya kile kidogo alichokuwa amekiona. Mimi sina shahada ya chuo, kwa hivyo huyu jamaa ananifariji sana. Shahada unaweza kukosa, ushuhuda ukabaki nao.

Na kuna ule mstari watu wanaupenda, wa barua ya kwanza ya Petro, sura ya 3, unaosema tuwe tayari kujibu. Wahubiri wanaurusha kama wito wa vita. Lakini usome pole pole. Petro anasema tumjibu mtu anayeuliza. Anayeuliza, si kila abiria aliyeketi kwa basi amechoka akienda kazini. Na anasema tujibu juu ya tumaini tulilo nalo, na tufanye hivyo kwa upole na heshima. Huo upole hauko kwa mstari kama pambo. Ni sehemu ya amri.

Najua kuna mtu anasema, "Huyu anataka tufiche imani." Hapana. Unyenyekevu si kuficha, na si kujifanya dini zote zinasema kitu kimoja. Jamaa ninayehariri naye video ni Mwislamu. Tumeongea mambo ya Yesu mara nyingi, hasa wakati wa Ramadhani tukingoja magharibi ifike afuturu. Mimi nimemwambia wazi naamini Yesu ni Mwana wa Mungu. Yeye ameniambia wazi kwamba kwake Mungu hana mwana, na kusema hivyo ni jambo zito. Hakuna aliyemeza maneno. Tofauti ni kwamba mimi simwelezi Uislamu ni nini, namwacha anieleze mwenyewe. Na yeye ananiuliza Utatu ni nini badala ya kunijibia. Kisha adhana inalia, tunakula tende, tunarudi kwa kazi.

Kuna mambo machache ambayo nimeona yanasaidia, na nitayasema haraka.

Angalia lugha yako. "Kufunikwa na damu," "kupakwa mafuta," "kuvunja madhabahu za ukoo." Kwa mtu aliyekulia kanisani hayo ni maneno ya kawaida. Kwa asiyekulia huko yanasikika kama sinema ya kutisha. Ukishindwa kusema imani yako kwa maneno unayotumia ukiagiza chai, pengine bado hujaielewa mwenyewe.

Angalia wakati. Matanga si mahali pa kumtisha mtu na jehanamu huku mama yake ako ndani ya jeneza. Nimeona hiyo mara nyingi na kila mara nimetamani ardhi inimeze kwa niaba ya familia.

Na sikiliza kwanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Paulo alipofika Athene, kwa Matendo sura ya 17, alizunguka mji akiangalia madhabahu zao, akaikuta moja ya Mungu asiyejulikana, akaanzia hapo. Alitaja hata maneno ya washairi wao. Ina maana alikuwa amewasoma kabla ya kuwafundisha. Na bado wengine walimcheka, wengine wakasema watamsikia siku nyingine, na wachache wakaamini. Paulo hakuwafuata waliocheka mpaka kwao. Alisema alichokuja kusema, akatoka.

Hii inanipa amani sana. Kama kazi yangu ingekuwa kumshinda kila mtu, ningekuwa nimechoka kitambo, na mabeshte wangu pia wangekuwa wamenichoka. Lakini kama kazi yangu ni kusema nilichokiona bila kuongeza chumvi, hiyo naweza. Kumgeuza mtu ni kazi ya Mwingine.

Nina ombi mbili, moja kwa kila upande.

Wewe unayeamini: wiki hii mtu akikuuliza kwa nini unaamini, kabla hujajibu muulize yeye kwa upole, "Ni nini kimekufanya uulize?" Halafu nyamaza mpaka amalize. Unaweza kugundua hakutaka hoja kabisa, alitaka mtu amwambie kwamba alichotendewa si sawa. Mwambie hivyo. Na usiongeze "lakini."

Wewe usiyeamini, au uliyetoka kanisani na hutaki kurudi: ukiwa na beshte anayeamini, muulize tu. Tunahitaji maswali yenu kuliko tunavyokubali. Na akianza kukuhubiria kama ako na kipaza sauti pale Jeevanjee saa ya lanchi, mkatize. Mwambie, "Msee, sikuuliza mahubiri. Nilikuuliza wewe uliona nini." Kama ana kitu alichokiona, atakuambia. Kama hana, mpe muda, si kosa. Hata yeye labda hajawahi kuulizwa.