Maji Mekundu

Upande wa magharibi wa ziwa Kivu kuna vilima vya Kabare. Watu ni wengi huko, na mashamba yamepanda mpaka juu. Mbali zaidi, jua linakotua, ni milima Kahuzi na Biega. Msitu wake ni makao ya ngagi, na tangu mwaka 1970 ni hifadhi ya taifa: ni mwiko kukata miti yake. Lakini katika vilima vya watu miti imepungua. Mji wa Bukavu ni karibu, na kila siku akina mama wengi wa mji hupika kwa makala.

Asubuhi moja mwalimu wa mwaka wa tano aliwatoa wanafunzi wake nje ya darasa. Alikuwa na masanduku mawili ya mbao. Katika la kwanza alitia udongo mtupu. Katika la pili alitia udongo uleule, lakini juu yake aliacha majani pamoja na mizizi yake. Akaweka mawe chini ya kila sanduku upande mmoja, yakainama kama shamba la kilimani. Mbele ya kila sanduku akaweka kopo.

«Tazameni vizuri, watoto,» akasema. Akanyunyiza maji juu ya masanduku yote mawili, kipimo kimoja.

Sanduku la majani lilitoa maji polepole, nayo yalikuwa karibu safi. Sanduku la udongo mtupu lilitoa maji upesi, mekundu na mazito. Mwalimu aliacha makopo yatulie, kisha akamwaga maji. Ndani ya kopo moja yalibaki matope mengi.

«Hiki ni kitu gani?»

«Ni udongo, Mwalimu.»

«Ni chakula chenu. Udongo wa juu ndio unaolisha maharagwe na muhogo. Ukishuka mtoni, haupandi tena kilima.»

Wanafunzi walicheka. Mmoja wao hakucheka. Baba yake alikuwa amekata nusu ya miti iliyo juu ya chemchemi yao, ili achome makala. Tangu hapo, kila mvua ilipokunya, maji ya chemchemi yalikuwa mekundu kama yale ya kopo. Lakini makala hayohayo yalilipa masomo ya dada yake katika shule ya sekondari. Mtoto alijua mambo hayo mawili, wala hakujua namna ya kuyasema.

Jioni alingoja baba yake amalize kula. Mtoto hamfundishi mzazi wake. Kwa hiyo aliuliza tu:

«Baba, Mwalimu anasema kwamba kilo 100 za miti, katika tanuru la udongo, hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Ni kweli?»

«Ni kweli. Moto unakula kuliko sisi.»

«Basi miti iliyobaki itatosha mpaka lini?»

Baba alihesabu kwa vidole. Miti haikutosha hata mwaka mmoja. Dada alikuwa amebakiza miaka mitatu.

«Na kisha, Baba?»

Baba alinyamaza, akitazama moto. «Mwanangu, hesabu hiyo nimeifanya usiku mara nyingi. Hesabu naijua. Jibu ndilo sikulipata.»

Mama akasema, «Mimi ndimi ninayechota maji yale. Tuanze na chemchemi.»

Siku ya pili Baba alikwenda kwa mwalimu. Wakashauriana muda mrefu. Miti iliyobaki juu ya chemchemi haikukatwa tena. Baba na ndugu zake walichimba mitaro iliyokata mtelemko kwa upana, ili maji yasimame na kuingia ardhini. Kandokando ya mitaro walipanda majani marefu ya kulisha mbuzi. Mipakani mwa shamba walipanda grevilea, kwa sababu mtu anaweza kukata matawi yake kwa kuni na kuacha shina lisimame. Mikalitusi hawakuipanda karibu na chemchemi, maana inakunywa maji mengi.

Mambo hayo hayakuleta fedha siku ileile. Muhula ule Baba aliuza mbuzi wawili ili dada asirudishwe nyumbani. Mtoto alisikitika, kwa maana mmoja alikuwa wake. Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalikuwa bado mekundu. Mvua za mwaka uliofuata yalikuwa mekundu kidogo tu, na Mama aliweza kuona chini ya ndoo yake.

Kila kilima ni kama sanduku la mwalimu yule. Ukitaka kujua kama kimevikwa au ni uchi, shuka mtoni wakati wa mvua, utazame rangi ya maji.

Maulizo
1. Kwa nini maji ya sanduku la kwanza yalikuwa mekundu?
2. Kwa nini mtoto hakumwambia baba yake, «Umekosa»?
3. Maji ya mto wa kwenu yana rangi gani mvua ikinyesha? Udongo huo unatoka shamba la nani?