Mchumba Wangu Huja, Mimi Siendi

Wadada, tunapozungumzia mapenzi ya mbali tunalaumu simu zisizopokelewa na wivu wa usiku. Yangu mimi tatizo lake ni kijitabu. Naishi Rotterdam, mchumba wangu yuko Leicester, na ukiondoka kwangu asubuhi jioni umeshafika kwake. Lakini kwa miaka minne anayekuja ni yeye. Mimi kwake sijawahi kukanyaga.

Sote ni watoto wa Uvira. Yeye alifika Uingereza akiwa mdogo, akapata uraia na pasipoti. Mimi nilipitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma (ndiyo maana Kiswahili changu kina Utanzania mwingi), nikaletwa Uholanzi, na ninachobeba ni hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile ya Mkataba wa Geneva wa 1951. Ndani imeandikwa kwamba inafaa nchi zote isipokuwa Kongo. Ukisoma hivyo unaona dunia nzima imekufungulia mlango, si ndiyo? Subiri kwanza.

Kwenda kwa baba mdogo Brussels napanda treni tu. Hati mkononi, kadi ya ukaazi pembeni, viza sihitaji. Ujerumani na Hispania ni hivyo hivyo. Nchi 29 za Schengen zinampokea mkimbizi aliyetambuliwa na mojawapo yao, mradi akitoka anakoishi asizidishe siku 90 katika kila siku 180. Shosti, kadi usiisahau nyumbani.

Uingereza sasa! Mwaka 1959 nchi kadhaa za Ulaya zilifanya mkataba Strasbourg, zikafutiana viza kwa wakimbizi wanaokwenda kutembea kwa muda usiozidi miezi mitatu. Uingereza ilikuwemo, ila Februari 2003 ikausimamisha kwa upande wake. Mpaka leo mwenye hati kama yangu lazima aombe viza kabla hajaondoka. Tukasema basi, tukutane Dublin. Julai 2022 Ireland nayo ikasimamisha. Na usidhani utapenya kwenye treni ya London, maana maofisa wa Uingereza wanakukagua hukuhuku, kituoni Brussels, kabla hujapanda.

Hivi, unajua hiyo inafanya nini kwenye uhusiano? Nauli analipa yeye kila mara. Mimi kila mara ni mpishi. Tukigombana, siwezi kumfuata. Kuna ugomvi ambao dawa yake ni kufunga safari, ukagonga mlango wa mtu, ukasema nimekuja. Mimi nikitaka kugonga mlango wake, sharti nijaze fomu kwenye intaneti, nilipe paundi zaidi ya 100, nipeleke alama za vidole, kisha nisubiri wiki kadhaa. Hapo hasira itakuwa imeshageuka kitu kingine kabisa.

Kasheshe kubwa ilikuwa kwa mama yake. Mahari ilitolewa Brussels mwaka jana, kwa baba mdogo, wazee wakala wakafurahi. Baada ya miezi miwili Mama akanipigia: "Mwanangu, bibi harusi gani hajui hata jiko la mama mkwe wake?" Nikamwambia ni viza, Mama. Akanyamaza. Wifi akaja kuninong'oneza kwamba kanisani wanasema eti nina bwana mwingine huku. Mchumba wangu naye, badala ya kumweleza mama yake, ananiambia atazoea tu. Kiukweli nilimkasirikia kuliko nilivyoikasirikia hiyo viza.

Nikampigia Mama mwenyewe. Kumbe naye alishawahi kubeba hati ya mkimbizi, ya Kiingereza, kabla hajawa raia. "Mbona mimi nilikuwa nakwenda Antwerp kwa dada yangu bila viza yoyote?" Nikamuuliza mwaka gani. Akahesabu kwa umri wa watoto: 1999, tena 2001. Nikamwambia, Mama, mlango ulifungwa 2003. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, yeye akisimulia safari zake za meli kutoka Dover, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza habari za jiko.

Alhamisi hii napeleka alama za vidole. Nina barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba, taarifa za benki za miezi sita, na barua ya mwaliko ambayo Mama kaiandika mwenyewe. Chini kabisa, baada ya sahihi, ameongeza kwamba kitanda kipo na blanketi amenunua.