Ahadi Iliyotungwa Kwenye Treni

Vitabu vya watu waliokaa karibu na marais huwa navisoma kwa shaka. Wengi hutusimulia jinsi walivyomshauri mkubwa vizuri na jinsi wenzao walivyomharibia. Robert Sherwood yuko tofauti kidogo, ndiyo maana Roosevelt and Hopkins, kitabu chake cha 1948 chenye kurasa zaidi ya 900, nimekimaliza chote, kwenye mwendokasi na kwenye foleni za benki.

Sherwood alikuwa mwandishi wa tamthilia, tena si wa kubahatisha: alishapata Pulitzer mbili kabla hajaanza kumwandikia Franklin Roosevelt hotuba katika kampeni ya 1940. Vita ya Kwanza ya Dunia aliipigana akiwa na jeshi la Kanada, akajeruhiwa. Juni 1940, Ufaransa ikianguka, alitunga tangazo la magazetini la kuwataka Wamarekani wamzuie Hitler mara moja. Msimamo wake ulijulikana.

Sasa, Roosevelt alikuwa anaomba muhula wa tatu, kitu ambacho hakuna rais wa Marekani aliyewahi kukipata. Mpinzani wake, Wendell Willkie, aliunga mkono kuisaidia Uingereza, lakini mwishoni akageukia hofu: mkimchagua huyu, vijana wenu watakwenda vitani. Ikashika. Na tarehe 29 Oktoba serikali ikachezesha bahati nasibu ya kupata vijana wa kuingizwa jeshini. Wiki moja kabla ya kura, jamani! Kesho yake rais yuko kwenye treni kuelekea Boston, na wakubwa wa chama wanamletea telegramu: wahakikishie akina mama.

Roosevelt alikereka. Aseme mara ngapi? Sherwood anasimulia kwamba ni yeye aliyemjibu kuwa inaonekana watu hawakusikia, itabidi kurudia tena na tena. Maneno hayo yakaingia kwenye hotuba: vijana wenu hawatapelekwa kwenye vita yoyote ya nje. Ilani ya chama ilikuwa na mkia mdogo, isipokuwa tukishambuliwa. Samuel Rosenman, mwandishi mwenzake, akauliza mbona mkia umekatwa. Rais akasema wakishambuliwa, hiyo si vita ya nje tena.

Jibu zuri la kisheria. Ila waliokuwa ukumbini Boston hawakulisikia.

Nimewahi kupanda treni ya namna hiyo, ingawa yangu ilikuwa Landkruza. Mwaka 2015 niliripoti msafara wa mgombea ubunge mmoja, na gazeti halikuwa na gari, hivyo nikabebwa na lao. Tukiwa njiani meneja wa kampeni akapigiwa simu: huku watu wanataka maji, msipotaja maji msije. Mgombea akasema, “Si nimeshawaambia tutafuatilia?” Meneja akajibu, “Kufuatilia si maji, mheshimiwa.” Basi wakaanza kupunguza. “Tutafuatilia bajeti ya kisima” ikawa “tutaleta bajeti ya kisima,” na tulipofika uwanjani kilichobaki ni “kisima.” Hakuna aliyekonyeza jicho. Ukimuuliza mmoja mmoja, kila mtu alikuwa amepunguza neno moja tu.

Sherwood ananionyesha kitu hicho hicho kutoka ndani: watu waliochoka, muda umebana, na fundi wa maneno ambaye ufundi wake ndio unaoondoa mkia. Anaandika kwamba maneno yale yalimchoma moyo miaka yote. Namheshimu kwa hilo. Lakini hesabu yake haijaniridhisha. Anasema wakati ule aliona hatari ya kuaibika baadaye ni ndogo kuliko hatari ya kushindwa uchaguzi. Kuaibika nani? Kwenye mizani ile kuna rais na kuna chama. Vijana wenyewe hawamo.

Kura zikatoka, wajumbe 449 kwa 82. Mwaka uliofuata Willkie, akibanwa mbele ya maseneta kuhusu vitisho vyake, akavipuuza kuwa ni maneno ya kampeni tu. Desemba ikaja Pearl Harbor.

Kufikia 1944 hakukuwa na wa kuahidiwa amani. Swali sasa lilikuwa afya ya rais. Tarehe 21 Oktoba alizungushwa New York kwenye gari la wazi, mvua ikimnyeshea kwa saa kadhaa, ili watu wamwone yu mzima. Alishinda tena, na Aprili 1945 akafariki.

Mvua hiyo ilinikumbusha babu mzaa mama. Miezi ile ya 1944 Keya walikuwa Burma, wakiwafukuza Wajapani kwenye tope la bonde la Kabaw, na yeye alikuwa mmoja wao. Vita ni ile ile. Mama yake huku Tanganyika hakuwa na kura, na sijasikia katika ukoo wetu kwamba kuna mtu aliyewahi kusimama mahali akamwahidi lolote.