Paka na Kizibo cha Soda

Ni mwezi wa tatu sasa naishi na paka niliyemwokota karibu na soko la Ngamiani, hapa Tanga. Mchana hulala tu. Jioni ndipo huchangamka. Nilimnunulia panya wa plastiki, akamnusa, akampa kisogo. Alichokichagua mwenyewe ni kizibo cha soda. Hukipiga kofi, kikalia juu ya saruji, naye akakifukuza hadi uvunguni mwa kabati.

Mlio ule naujua. Mwaka 1974 marehemu kaka yangu aliniundia gari la waya. Magurudumu yalikuwa vizibo vya soda alivyovitoboa kwa msumari na jiwe, na usukani wake ulikuwa mrefu, ukinifika kifuani, ili niliendeshe huku nikikimbia nyuma yake. Mtaa mzima ulisikia nikipita.

Paka, hata ashibe vipi, akiona kitu kidogo kinakimbia, damu ya uwindaji humchemka. Kwake kizibo ni panya. Kwangu kilikuwa gurudumu. Lakini yeye akichoka hukiacha akaenda kulala, wala hakikumbuki. Mimi gari langu lilipotea tulipohama nyumba, na miaka hamsini haijanitosha kulisahau.

Nimejiuliza nalilia nini, maana waya ungalipo madukani. Nimeona kwamba si waya ninaoutamani, bali vidole vilivyoukunja. Basi msomaji, ikiwa aliyekushonea mpira wa matambara au kukutengenezea mwanasesere yungali hai, nenda kamwamkie.