Samaki Bado Yuko Jikoni

Matembezi ya kutwa moja mjini Kisumu hupangika vizuri hadi saa sita mchana. Asubuhi watoto wataona swala pala na chui katika hifadhi ndogo ya Impala, iliyotengwa kando ya ziwa mwaka 1992. Kisha tuktuk itawapeleka Hippo Point kutafuta viboko, ambao hujitokeza siku wanayotaka wenyewe. Halafu ufukwe wa Dunga, kupanda mashua na kupita pembeni mwa mafunjo. Kila jambo lina saa yake. Ila njaa ikibisha hodi, ratiba inavunjika, kwa sababu samaki wa Dunga hakungoji wewe. Wewe ndiwe unayemngoja.

Kwenye vibanda vya pale, kuagiza chakula ni shughuli. Unaonyeshwa samaki wabichi, unachagua wako, mnapatana bei kwa kutazama ukubwa wake. Ndipo anaparwa magamba, anachanjwa ubavuni, anatiwa chumvi na kutumbukizwa kwenye mafuta. Ukimtaka wa mchuzi, akishakaangwa anarudi motoni na nyanya na vitunguu. Ugali nao husongwa mwishoni, ili ufike mezani ukifuka mvuke. Hapo saa nzima imekwisha, na watoto wameuliza “bado?” hadi wamechoka kuuliza.

Mara ya mwisho tulikwenda vizazi vitatu. Mama yangu ndiye aliyechagua. Alimfunua ngege, yaani perege, matamvua, akaona wekundu, akamuuliza mpishi, “Huyu ni wa ziwa au wa kizimba?”

“Wa ziwa, Mama. Ametoka leo asubuhi.”

“Ziwa gani?”

Wapishi wote wakaangua kicheko. Mji huu unauziwa pia ngege waliogandishwa kutoka Uchina, na hakuna mwenyeji asiyelijua hilo.

Mjukuu mmoja hakuelewa kilichochekesha. Samaki atokeje Uchina na ziwa hili hapa? Mama akavuta kiti, akaanza kumweleza. Alisema utotoni mwake walikula ngege na fulu, wale samaki wadogo wa kila rangi. Mbuta, yaani sangara, hakuwa wa humu. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu hadi aina nyingi zikatoweka. Miaka ya 1980 mbuta akajaa nyavuni, viwanda vikafunguliwa, minofu yake ikaanza kusafirishwa hadi Ulaya. Watu wa ziwa wakabakiwa na mgongo wazi, yaani kichwa na uti wa mgongo uliokwanguliwa nyama.

“Baba yako amekua kwa mchuzi huo,” akamwambia. “Minofu ilipanda ndege, sisi tukanunua mifupa.”

Mchuzi ule ninaukumbuka vizuri. Nilidhani tu kwamba ndivyo mbuta anavyoliwa. Mama hakuwa ameficha kitu. Nyumbani hatukuwahi kukaa mahali pamoja, sote mikono mitupu, tukikodolea macho samaki aliyemo kwenye mafuta. Habari kama hizi mzee hazitoi kwa kuambiwa “tusimulie ya zamani.” Hutoka zenyewe, zikivutwa na kitu kilicho mbele ya macho, pakiwepo mtoto asiye na pa kwenda.

Ule msemo kwamba haraka haina baraka tumeuimba mpaka umepauka. Wala si kila kungoja kuna baraka. Nimewahi kukaa kwenye foleni ya ofisi kutwa nzima pamoja na watu wa ukoo wangu, na hatukuambiana lolote la maana. Kule kila mmoja alitazama dirisha moja akihofu kurukwa. Dunga tunakaa tukitazamana, harufu ya jikoni inatuhakikishia kwamba tunachongoja kinakuja, na hakuna atakayekipata kabla ya mwenzake. Kungoja kwa namna hiyo hufungua midomo.

Chakula kilipofika, mwendo haukubadilika. Ngege ana miiba, ukimfakamia atakuadhibu. Simu zilikaa mifukoni, maana nani atashika simu kwa vidole vyenye mafuta? Mama alimchambulia miiba mjukuu mdogo, kisha akakichukua kichwa. Aliyelea watoto kwa mgongo wazi anajua utamu wa samaki umejificha wapi.

Wazazi tunaolipa nauli na viingilio hupima safari kwa vitu ambavyo watoto wameviona. Mimi siku hizi huuliza wamesikia nini, na kwa nani. Kwa hiyo nikipanga matembezi, huacha sehemu moja ya kutembelea ili saa ya jikoni ipate nafasi. Mzee wa familia humwekea kiti panapoonekana moto, watoto wakakaa karibu naye. Na mpishi simharakishi.